Michezo ya maji Rubona: mambo ya kujua kabla ya kumshusha mgeni ufukweni

RUBONA, Rubavu – Barabara inayotoka mjini Gisenyi kuelekea kusini hufuata ukingo wa Ziwa Kivu kwa takriban kilomita 7 hadi kufika Rubona. Madereva wengi wa malori wanaijua njia hii kwa sababu ya bia. Kiwanda cha Bralirwa, kampuni iliyoanzishwa mwaka 1957, kiko hapa kando ya maji, na malori yenye kreti huingia na kutoka.

Siku hizi njia hiyo inapitisha mzigo mwingine, nao ni mgeni. Magari ya watalii kutoka Kigali, Kisoro na Kampala humshusha hapa mtu aliyechoka na safari ya milima, na kabla hajamaliza kunywa chai anataka kuogelea, kupanda boti au kukodi kayaki. Mtu wa kwanza anayemuuliza si mwenye hoteli wala mwenye boti. Anamuuliza dereva aliyemleta: je, ziwa hili ni salama?

Dereva akijibu vizuri, mgeni hutulia, hutumia fedha na hurudi mwaka unaofuata na wenzake. Akijibu kwa kubahatisha, anaweza kumpoteza mteja, na siku mbaya anaweza kupoteza maisha ya mtu. Makala haya yanaeleza michezo inayopatikana Rubona, hatari zilizopo kweli na zile za uvumi, pamoja na taratibu za mpaka, gari na malipo zinazomhusu msafirishaji na mfanyabiashara.

Ufukwe usio na bahari

Rwanda haina bahari. Ufukwe wake ni Ziwa Kivu, ambalo inagawana na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Ziwa liko takriban mita 1,460 juu ya usawa wa bahari, na maji yake hutoka kwa Mto Ruzizi kwenda Ziwa Tanganyika. Sehemu yenye kina kirefu zaidi inafika karibu mita 485.

Tofauti kati ya ziwa hili na pwani ya Mombasa au Zanzibar ni muhimu kwa anayeuza safari. Hapa hakuna maji kujaa na kupwa, hakuna chumvi ya bahari, na hakuna papa. Mamba na viboko, wanaotisha watu katika maziwa mengine ya Afrika Mashariki, si tatizo la Kivu. Hali ya hewa ni ya ubaridi kuliko pwani, na jioni mgeni huhitaji sweta. Lakini jua la mchana ni kali kwa sababu mahali pako juu na karibu na Ikweta. Mgeni anayekaa kwenye kayaki saa mbili bila kofia huungua ngozi hata kama upepo ni wa baridi.

Tofauti nyingine ni ya chini ya maji. Kivu ni ziwa la bonde la ufa, na sehemu nyingi za ukingo wake huteremka ghafla. Mtu anaweza kuwa amesimama maji yakiwa kiunoni, akapiga hatua chache na kukosa ardhi. Wageni waliozoea fukwe za bahari zinazoteremka polepole hushtuka. Kwa hiyo asiyejua kuogelea asiingie majini bila jaketi la kuokoa maisha, hata pale maji yanapoonekana tulivu kama ya beseni.

Kuhusu kichocho, baadhi ya watu hudai kwamba Kivu haina kabisa. Dai hilo lisitolewe kama dhamana, kwa sababu ugonjwa huo umeripotiwa katika baadhi ya maeneo ya pwani ya ziwa hili. Ushauri wa kawaida ni kuogelea mbali na matete na maji yaliyotuama, na kujikausha mara baada ya kutoka majini.

Kinachouzwa Rubona

Biashara ya michezo ya maji hapa si kubwa kama ya Diani au Nungwi, lakini ina vitu ambavyo pwani ya bahari haina.

Kuogelea. Ufukwe wa mchanga unaojulikana zaidi uko Gisenyi mjini, ambako wenyeji hukusanyika mwisho wa juma kuogelea na kucheza mpira. Rubona ina ghuba tulivu zaidi na hoteli ndogo zilizojengwa karibu kabisa na maji. Sifa ya maji haya imefika mbali: tarehe 14 Agosti 2022 mji wa Rubavu ulikuwa mwenyeji wa shindano la kwanza la IRONMAN 70.3 nchini Rwanda, ambalo wanamichezo huogelea kilomita 1.9, huendesha baiskeli kilomita 90 na kumalizia na mbio za kilomita 21.1. Siku za shindano hilo vyumba na magari huwa haba, na msafirishaji anayefuata kalenda yake hupanga mapema.

Kayaki na kasia. Huu ndio mchezo unaofaa zaidi mwambao huu, kwa kuwa umejaa vighuba na rasi. Mgeni anaweza kukodi kwa saa moja au kwenda na kiongozi kwa siku nzima, na zipo safari za siku kadhaa zinazofuata ukingo kuelekea Karongi. Asubuhi maji huwa matulivu zaidi. Mchana upepo huweza kuanza, na mwenye kayaki aliyekwenda mbali hurudi akipambana na mawimbi huku mikono imechoka. Kanuni ya waongozaji ni rahisi: kaa karibu na ukingo, na geuka ukiwa bado na nguvu zaidi ya nusu.

Boti ya injini. Hutumika kwa matembezi ya saa moja au mbili, kuangalia ndege, kutazama machweo, au kufika vijiji ambavyo barabara yake ni mbaya. Pia zipo boti za abiria zinazounganisha Rubavu, Karongi na Rusizi. Siku na saa za kuondoka hubadilika, hivyo zithibitishwe siku moja kabla.

Wavuvi wa sambaza. Jioni mitumbwi hutoka Rubona ikiwa imeunganishwa mitatu mitatu kwa miti mirefu, nyavu zikining'inia katikati. Wavuvi hupiga kasia kwa kufuata wimbo, na usiku huwasha taa kuwavuta samaki. Sambaza ni samaki mdogo wa jamii ya dagaa aliyeletwa Kivu kutoka Ziwa Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, na leo ndiye anayelisha soko la Rubavu na Goma. Wageni hulipa ili wafuate mitumbwi hiyo kwa boti, wasikilize nyimbo na waone samaki wakipandishwa.

Hapa kuna jambo ambalo muuzaji wa safari anapaswa kulijua. Kila mwaka serikali ya Rwanda hufunga uvuvi katika Ziwa Kivu kwa takriban miezi miwili ili samaki wazaane, na mara nyingi kipindi hicho huanza Agosti. Huo pia ni msimu ambao wageni wengi wanakuja. Aliyeuza "usiku na wavuvi" akiwa Kampala bila kuuliza atamfikisha mgeni kwenye mitumbwi iliyofungwa kamba ufukweni.

Chemchemi za maji moto. Wenyeji huziita amashyuza. Ziko kando ya ziwa upande wa Rubona, na watu huja kuloweka miguu na kukandwa mwili. Maji hutoka ardhini yakiwa ya moto sana, kwa hiyo mgeni aingie pale wenyeji wanapoingia, ambapo maji moto yamechanganyika na ya ziwa, na watoto washikwe mkono.

Njia ya Congo Nile. Njia hii ya kutembea na kuendesha baiskeli ina kilomita 227, kutoka Rubavu hadi Rusizi, ikifuata milima iliyo juu ya ziwa. Kipande chake cha kwanza hupita upande wa Rubona. Wageni wengi huchanganya: siku moja kwa baiskeli, siku inayofuata kwa kayaki au boti. Mchanganyiko huo unahitaji mtu wa kusafirisha mizigo yao kwa gari hadi kituo kinachofuata, na hiyo ni kazi ya mwenye gari.

Gesi: ukweli na uvumi

Mgeni aliyesoma kidogo kuhusu Kivu huja na swali la gesi. Ni vizuri dereva awe na jibu, kwa sababu ukimya humtia mgeni hofu zaidi.

Ni kweli kwamba chini ya ziwa kuna gesi nyingi. Makadirio yanayotumiwa na wataalamu ni takriban mita za ujazo bilioni 60 za methani na bilioni 300 za kaboni dioksidi. Gesi hiyo imeyeyuka ndani ya maji ya kina kirefu, zaidi ya mita 250 hivi, na inashikiliwa huko na uzito wa maji yaliyo juu yake. Maji ya juu, ambamo watu huogelea na boti hupita, hayachanganyiki na yale ya chini. Mwogeleaji hagusani na gesi hiyo.

Rubona ina historia yake katika jambo hili. Kuanzia miaka ya 1960 gesi ya methani ilivutwa kutoka ziwani hapo Rasi ya Rubona na kutumiwa kuchemsha maji ya kiwanda cha bia. Siku hizi gesi ya ziwa huzalisha umeme: mradi wa KivuWatt huko Karongi una uwezo wa megawati 26. Bomba au jukwaa ambalo mgeni ataliona majini ni mitambo ya kazi, na boti za matembezi zinapaswa kukaa mbali nayo.

Hofu ya watu imetokana na Ziwa Nyos nchini Kamerun, ambako mwaka 1986 kaboni dioksidi ililipuka kutoka chini ya ziwa na kuua watu wapatao 1,700. Kivu ni kubwa mara nyingi zaidi, na wanasayansi wa pande zote mbili za mpaka hulifuatilia. Volkeno ya Nyiragongo ilipolipuka tarehe 22 Mei 2021, matetemeko yaliyofuata yalipasua majengo mjini Gisenyi na ziwa likachunguzwa kwa makini, lakini gesi haikulipuka. Msafirishaji ahitaji tu kufuata tangazo la serikali: volkeno ikitangazwa kuwa na hatari, safari ya ufukweni iahirishwe.

Hatari ya gesi iliyo karibu zaidi na mtu ni nyingine, na jina lake linajulikana na kila mtu wa Goma: mazuku. Ni kaboni dioksidi inayotoka kwenye nyufa za ardhi ya volkeno kando ya ziwa, hasa upande wa kaskazini kati ya Goma na Sake. Haina rangi wala harufu. Ni nzito kuliko hewa, hivyo hukaa kwenye mashimo na mabonde madogo, hasa usiku na alfajiri wakati hakuna upepo. Imekwisha kuua mifugo na watu, wakiwemo waliokwenda kuoga sehemu zisizotumiwa na wenyeji. Kinga ni moja: mgeni asiogelee wala kupiga hema mahali ambapo wenyeji hawafiki, hata pawe pazuri namna gani. Mwenyeji akisema "hapo hapafai", asiulizwe mara ya pili.

Hatari kubwa zaidi ni boti

Pamoja na mazungumzo yote ya gesi, kinachoua watu wengi katika Kivu ni chombo kilichojaa kupita kiasi na abiria wasio na jaketi.

Aprili 2019 boti ilizama upande wa Kalehe nchini Kongo na watu wengi wakapotea. Baada ya ajali hiyo Rais Félix Tshisekedi aliagiza kwamba kila abiria wa ziwani avae jaketi la kuokoa maisha. Tarehe 3 Oktoba 2024 boti iitwayo MV Merdi, iliyotoka Minova ikiwa na abiria wengi kuliko uwezo wake, ilipinduka ikiwa inakaribia kutia nanga Kituku mjini Goma. Watu waliokuwa ufukweni waliiona ikizama. Makumi ya abiria walikufa, wengi wao wakiwa wafanyabiashara wadogo waliopanda boti kwa sababu vita vilikuwa vimeifunga barabara.

Wafanyabiashara wa mpakani hawahitaji kuelezwa uchungu wa ajali hizo. Lakini zina somo kwa anayepeleka watalii pia. Ziwa hilo ni lile lile na upepo ni ule ule. Boti ya matembezi yenye nafasi za watu 10 ikipakia 14 kwa sababu "ni hapa karibu tu" imeanza njia ile ile iliyopitwa na Merdi.

Upande wa Rwanda, mamlaka ya RURA ndiyo inayotoa leseni kwa vyombo vya kusafirisha abiria majini, na kikosi cha majini cha Polisi ya Rwanda hufanya doria ziwani. Mwenye boti halali haoni taabu kuonyesha leseni yake. Anayekwepa swali hilo amekwisha kujibu.

Kabla mgeni hajapanda, msafirishaji anaweza kukagua mambo haya kwa dakika chache tu:

- Idadi ya abiria isizidi ile iliyoandikwa kwenye leseni ya boti.
- Kila mtu awe amevaa jaketi na kulifunga. Jaketi lililowekwa chini ya benchi halimsaidii mtu boti inapopinduka.
- Mtoto apewe jaketi la saizi yake. Jaketi la mtu mzima humchomoka mtoto akiingia majini.
- Boti iwe na kasia la akiba, simu yenye chaji na mafuta ya kwenda na kurudi.
- Nahodha awe hajanywa pombe. Bia ya Rubona ni ya karibu na ni baridi, lakini ingojee hadi boti irudi.
- Mawingu meusi yakionekana juu ya milima, safari iahirishwe. Miezi ya mvua, Machi hadi Mei na Oktoba hadi Desemba, dhoruba huja haraka.

Nahodha akikubali kuahirisha safari na kurudisha fedha kwa sababu ya upepo, huyo ni wa kuhifadhiwa namba yake ya simu. Anayesema "hakuna shida" kwa kila swali atafutiwe mbadala.

Mpaka upo pia majini

Kutoka ufukwe wa Gisenyi mtu anauona mji wa Goma. Kwenye barabara mpaka una mageti mawili maarufu, Barrière Ndogo inayopitwa na wafanyabiashara wadogo kwa miguu na Barrière Kubwa upande wa ziwani. Majini hakuna geti wala ukuta, lakini mpaka upo. Boti au kayaki iliyoondoka Rwanda haipaswi kuvuka upande wa Kongo bila taratibu za uhamiaji, hata kama mgeni anataka picha tu. Tangu waasi wa M23 walipouteka mji wa Goma mwishoni mwa Januari 2025, jambo hilo si la kufanyia mzaha. Hali ya kuvuka, kwa barabara na kwa maji, huulizwa upya kila safari.

Kuna kosa lingine la mpakani ambalo huwagharimu wageni wa mbali. Wengi wao husafiri kwa viza moja ya utalii ya Afrika Mashariki, iliyoanza mwaka 2014 na inayotumika Kenya, Uganda na Rwanda kwa siku 90 kwa dola 100. Kongo iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, lakini haimo katika viza hiyo. Mgeni akitoka katika nchi hizo tatu, viza yake huisha hata kama siku zimebaki. Kwa hiyo anayekwenda Goma "kwa siku moja tu" kisha anarudi Rubona na kuendelea Kampala hujikuta analipia viza upya. Dereva anayemweleza mapema humwokolea mteja fedha na ugomvi.

Gari, saa na bima

Rubavu iko takriban kilomita 155 kutoka Kigali kupitia Musanze, mwendo wa saa tatu hivi kwa barabara ya lami yenye kona nyingi. Anayetoka Uganda huweza kuingia Rwanda kwa mpaka wa Gatuna na kupitia Kigali, au kwa Cyanika, karibu na Kisoro, na kutokea Musanze. Njia ya Cyanika ni fupi zaidi kwa mgeni anayetoka kuona sokwe upande wa Uganda.

Madereva wa Kenya, Uganda na Tanzania wakumbuke mambo manne:

Kwanza, Rwanda gari hupita kulia. Hatari kubwa ni asubuhi, dereva anapotoka kwenye geti la hoteli akiwa na usingizi na barabara haina gari jingine la kumkumbusha.

Pili, saa ya Rwanda iko nyuma kwa saa moja. Saa mbili asubuhi Rubona ni saa tatu asubuhi Kampala, Nairobi na Dar es Salaam. Boti nyingi "zimekosekana" kwa sababu ya simu ambayo haikubadilika saa.

Tatu, Jumamosi ya mwisho ya kila mwezi ni siku ya umuganda, kazi ya jamii. Kuanzia saa mbili hadi saa tano asubuhi maduka mengi hufungwa na magari hupungua barabarani. Safari ya siku hiyo ipangwe baada ya hapo.

Nne, mifuko ya plastiki imepigwa marufuku Rwanda tangu mwaka 2008, na sheria ya mwaka 2019 iliongeza bidhaa nyingine za plastiki za kutumia mara moja. Wageni hupenda kufunga nguo zao za kuogelea kwenye mifuko hiyo, nayo huchukuliwa mpakani. Mfuko wa kitambaa unatosha.

Kuhusu bima, magari mengi yanayovuka mipaka yana Kadi ya Njano ya COMESA, ambayo hutambuliwa hata Tanzania ingawa si mwanachama wa COMESA. Kadi hiyo ni bima ya gari barabarani. Haimfuati mgeni anaposhuka kwenye gari na kupanda boti. Aliyeuza safari nzima, barabara na ziwa kwa bei moja, aulize mapema: mgeni akiumia majini nani atalipa hospitali? Mgeni awe na bima yake ya safari inayotaja michezo ya maji, au mwenye boti aonyeshe bima ya abiria. Swali hilo likiulizwa baada ya ajali, jibu lake huwa ghali.

Nani anapata nini

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Rubona kupona huko kunagawanyika kwa watu wengi. Mwenye boti hulipwa kwa saa au kwa safari, kiongozi wa kayaki kwa kichwa. Kijana wa moto hubeba wageni kati ya Gisenyi na Rubona. Wauza sambaza hupata wateja wa jioni. Wanaouza kitenge, kofia, vikapu na matunda hupata soko ambalo halisubiri geti la Goma lifunguliwe.

Jambo hilo la mwisho lina uzito. Biashara ya Rubavu imetegemea Goma kwa miaka mingi, na kila mpaka unapofungwa, iwe kwa ugonjwa, volkeno au vita, wafanyabiashara wadogo huumia kwanza. Mgeni wa ufukweni haondoi utegemezi huo, na yeye pia hukimbia akisikia habari za vita. Hata hivyo ni mteja anayekuja kwa barabara ya Kigali, na anayelala kabla ya kununua. Aliyezoea kuuza kitu kimoja upande mmoja amepata upande wa pili.

Migogoro mingi ya malipo hutokana na bei isiyoelezwa. Kabla ya kuondoka ufukweni pande zote zikubaliane: bei ni ya boti nzima au ya mtu mmoja? Mafuta, kiongozi na jaketi vimo? Muda unahesabiwa kuanzia kupanda au kuanzia kufika? Mvua ikikatisha safari, kiasi gani kinarudishwa? Bei itajwe kwa faranga za Rwanda, na malipo kwa simu yaachwe na ujumbe kama risiti. Kamisheni ya dereva si siri wala aibu, mradi ijulikane mapema na isimfanye ampeleke mgeni kwenye boti mbovu kwa sababu mwenye boti hiyo hulipa zaidi.

Lugha si kikwazo. Kiswahili kimekuwa lugha rasmi ya Rwanda tangu mwaka 2017, na Gisenyi, mji wa mpakani, ulikuwa unakizungumza zamani. Dereva wa Mombasa na nahodha wa Rubona wanaweza kukubaliana bila mkalimani.

Kwa ufupi

Ziwa Kivu linaweza kuuzwa kwa mgeni bila kumficha kitu. Gesi ya chini haimfikii mwogeleaji, mazuku huepukwa kwa kufuata wenyeji, na viza hulindwa kwa kutovuka mpaka ovyo. Kinachobaki mikononi mwa msafirishaji mwenyewe ni boti: leseni, idadi ya watu, jaketi na upepo. Akiona mojawapo ya hayo halijakaa sawa, amwambie mgeni wangojee kesho asubuhi, maji yakiwa yametulia. Usiku mmoja zaidi wa hoteli Rubona ni hasara ndogo, na mara nyingi mgeni hushukuru.